Sorry sio pole: namna ya kulitumia hili neno bila kujiletea kesi na wageni

Wadau kwema? Hii nimeiandika kwa ajili ya vijana wa huku kwetu Moshi na Arusha wanaotafuta kazi za wageni, mlimani, porini, hotelini, hata wa boda pale mjini, ila yeyote anayeongea na mzungu mara moja moja itamfaa. Mimi nilianza na ugumu, yaani kubeba mizigo mlimani Kilimanjaro, nikapanda taratibu mpaka kuongoza wageni, na masika wageni wakipungua huwa nakaa na madogo hapa Majengo tunanoana Kiingereza cha kazi. Maneno marefu hayawapi shida, dogo anakutajia "acclimatization" bila kukwama hata kidogo. Linalowaangusha ni hili la herufi tano, sorry, kwa sababu kila mtu anaamini analijua.

Hata mimi niliamini hivyo. Kabla ya mlima nilikaa risepsheni ya gesti moja Arusha, jina lake halina kazi hapa. Asubuhi moja akashuka mama wa Kimarekani mbio mbio, simu yake haionekani. Mimi kwa moyo mweupe kabisa nikaweka mkono kifuani, nikainamisha kichwa kama tunavyofanya kwa mtu aliyepatwa na jambo, nikamwambia "Sorry madam, I am very very sorry for your phone." Akanyamaza, akaniangalia usoni, alafu akauliza taratibu "Why are you sorry? Do you know where it is?" Sasa mimi nikadhani anauliza kama nimemuelewa, nikajibu "Yes, yes, sorry." Basi. Meneja akaitwa, droo za kaunta zikatolewa zote, nikavuliwa viatu mbele ya watu wanaokunywa chai. Saa saba mchana simu ikaonekana kwenye foronya, mwenyewe aliiweka chini ya mto usiku, asubuhi dada wa usafi akabeba mashuka na foronya kwenda kufua. Mwisho wake ntausimulia huko chini kwenye hatua ya kujibu, maana na penyewe niliharibu.

Hatua ya kwanza: elewa kwamba hilo ni gunia moja lenye vitu viwili

Sisi tuna pole na tuna samahani. Pole ni ya aliyepatwa, samahani ni ya aliyekosa. Ukisema pole hakuna mtu atakuuliza ulikuwa wapi usiku. Mwingereza vyote viwili kavitia kwenye sorry moja, anajua kuvitenganisha kwa maneno yanayofuata na kwa sauti, sisi tunachukua gunia zima tunamwaga.

Kwa asili neno lenyewe liko karibu zaidi na pole. Kwenye Kiingereza cha kale lilikuwa sārig, limetoka ukoo mmoja na "sore", yaani kidonda, maumivu, kwa hiyo maana ya mwanzo ni mtu kuumia moyoni. Mambo ya kuomba radhi yamekuja baadaye sana. Na wengi wanadhani limezaliwa na "sorrow", huzuni, wakati hayo ni maneno ya mama tofauti, yamefanana sura tu kama watu wa kijiji kimoja.

Usidhani ni sisi tu tunaochanganyikiwa. Tarehe 1 Aprili 2001 ndege ya ujasusi ya Marekani iligongana na ndege ya kivita ya China karibu na kisiwa cha Hainan, rubani wa China akapotea baharini, Wamarekani 24 wakatua pale Hainan kwa dharura wakashikiliwa siku 11. China inataka iombwe radhi, Marekani inasema kosa sio letu. Kilichowatoa wale watu ni barua yenye "very sorry" mara mbili, moja kwa ajili ya rubani na familia yake, nyingine kwa ndege kuingia na kutua bila ruhusa. China wakawatangazia watu wao kwamba tumeombwa radhi, Marekani wakawaambia wa kwao kwamba hatujaomba radhi, tumesikitika tu. Wote wakarudi nyumbani wameridhika. Mimi na simu ya mama yule sikuwa na balozi wa kuniandikia barua.

Hatua ya pili: jiulize swali moja kabla ya kufungua mdomo

Swali lenyewe ni: hili nimelifanya mimi, au limempata tu?

Kama ni wewe, sorry inakaa vizuri, ila iambatane na kitendo chako. "I'm sorry, I forgot your water." "I'm sorry, I gave you the wrong key." Umesema ulichofanya, mgeni anajua unazungumzia nini, mambo yanaisha.

Kama limempata tu, hapa ndo pana kazi. Chukua mfano wa pale ukuta wa Barranco, njia ya Machame au Lemosho, asubuhi watu wanapanda kwa kushika mawe kwa mikono. Mgeni anateleza, goti linagonga jiwe. Nyuma yake kuna wagumu wanane wana mizigo kichwani, na kwa malezi yetu huwezi kuona mtu anaanguka ukakaa kimya, huo ni ukatili, kwa hiyo wote kwa mpigo "sorry! sorry! sorry sana!" Mgeni anageuka anatafuta nani kamsukuma. Nimeona mmoja anawaambia kabisa "no no, it's not your fault", anawafariji yeye sasa, huku goti linatoka damu.

Neno unalolihitaji hapo wala sio sorry. Ni "Oh no! Are you okay?" Hiyo "oh no" ndo jamani pole ya wazungu, inaonyesha umeguswa bila kujiweka kwenye tukio, na "are you okay" inamtaka ajibu, wewe kama kiongozi unahitaji jibu lake kuliko huruma yako. Akishajibu "my knee hurts" hapo unaweza ukasema "I'm sorry, let me look at it", na mtu yeyote ataelewa kuwa ni pole maana umeshauliza hali yake kwanza. Mpangilio huo, mshangao, swali, alafu sorry, ukiushika umemaliza nusu ya mwongozo huu.

Na usikimbilie kumwambia pole kwa Kiswahili ukadhani umekwepa. Toka getini ameshafundishwa pole pole, ameinunua na fulana yenye maandishi hayo. Akianguka ukamwambia "pole" anasikia unamwambia apunguze mwendo, na mtu aliyeanguka hapendi kuambiwa alikuwa anakimbia.

Ukipenda ujue wenzetu nao wana vituko vyao: Kate Fox, mwanaanthropolojia wa Kiingereza, aliwahi kujaribu kuwagonga watu makusudi sehemu zenye msongamano huko kwao aone watasemaje, na Waingereza wengi waliogongwa ndo waliosema sorry wao. Kwa hiyo ukimkanyaga Mwingereza akakuomba radhi yeye usijisikie mjanja, ni kawaida yake, muombe na wewe.

Hatua ya tatu: weka mkia unaofaa

Sorry ikiwa peke yake haieleweki ni ipi. Mkia ndo unaotenganisha. Mikia iko mingi ila ya kazi ni hii.

Kuna "to", inafuatwa na kitendo. "Sorry to hear that" ni pole ya moja kwa moja, hakuna anayeweza kukushika nayo, umesikia jambo umesikitika. Ningekuwa nimemwambia yule mama "Oh no, I'm sorry to hear that, when did you last see it?" ningebaki na viatu vyangu. Alafu kuna "Sorry to bother you" ya kugonga hema usiku, na "Sorry to keep you waiting" ukimchelewesha. Watu wanaandika "sorry for disturbance", inaeleweka lakini imekaa kama tangazo la TANESCO.

Kuna "about", inafuatwa na kitu au hali. "Sorry about the noise." "Sorry about the puncture." Hii ni nyepesi na ni tamu kwa kazi zetu, kwa sababu inasema hali hii imekukera na mimi ni mwenyeji wako, bila kusema nimetoboa tairi mwenyewe. Gari likipata pancha pale Boma Ng'ombe na ndege ya mgeni inaondoka jioni, hiyo ndo ya kutumia, na usiseme zaidi, toa jeki.

Kuna "for". Hii ndo nzito, na ndo tunayoipenda kuliko zote, sijui nani alitufundisha. "Sorry for" ikifuatwa na kitendo chenye -ing mara nyingi maana yake kosa ni langu: "Sorry for shouting", "Sorry for coming late". Ndo maana "sorry for your phone" ilinukia kesi. Isipokuwa kwenye msiba, "Sorry for your loss" ni pole ya kufiwa, imeshazoeleka hivyo, itumie bila hofu.

Na kuchelewa ni "Sorry I'm late". Sio "sorry for late", jamani, hii naisikia kwenye intavyuu kila mwaka, na mtu kachelewa kweli kwa hiyo makosa yanakuwa mawili.

Kuongeza uzito tumia "so" au "really". Waingereza wana "terribly sorry" yao, waachie wenyewe.

Hatua ya nne: jua pole ambazo hazivuki mpaka

Hapa ndo Kiswahili kina utajiri ambao wenzetu hawana. Pole na kazi, pole na safari, pole na jua, pole na foleni, pole na majukumu. Huku mtu akiwa analima tu unampitia unamwambia pole, anajibu ahsante, siku inaendelea. Kiingereza hakina kitu hicho kabisa na usijaribu kukitengeneza.

Mgeni katua KIA, katoka nje na begi, wewe umeshika karatasi yenye jina lake. Ukimwambia "Sorry for the journey" anaanza kuwaza: kwani kumetokea nini? Mzigo wangu umepotea? Sema "Welcome! How was your flight?" akishalalamika kidogo unasema "You must be tired, let's go", hiyo "you must be tired" ndo pole na safari yao. Aliyefanya kazi ngumu mwambie "You've worked hard today". Mpishi wa Kizungu anayepika jikoni kwa moshi wala usimwambie kitu, msaidie kuni.

Mgonjwa inavuka. "I'm sorry you're not feeling well" iko sawa kabisa. Ila mlimani isiwe ndo mwisho wa huduma, mtu anatapika pale Lava Tower, ni zaidi ya mita 4,600 pale, na wewe umekaa na sorry sorry, muulize kichwa kinauma kiasi gani, amekunywa maji kiasi gani, anatembea sawa au anayumba. Huruma haishushi mtu mlimani.

Mtego mwingine uko hapa hapa: "I feel sorry for you." Ukitafsiri neno kwa neno unaona ni pole nzuri ya kutoka moyoni. Sio. Ni nakuhurumia, na mara nyingi ina harufu ya maskini wewe, umekwisha. Dogo mmoja alimwambia hivyo mgeni aliyeshindwa kufika kileleni, amegeuzia Stella Point, kama saa moja tu kabla ya kilele cha Uhuru, amelia mpaka machozi yameganda, alafu anaambiwa hivyo. Mwambie "You did really well." Basi.

Hatua ya tano: kabla na baada

Hii ni fupi. Unataka kupita, kuuliza, kumkatiza mtu, yaani bado hujamsumbua, ni "Excuse me". Ukishamgonga, kumkanyaga, kumwagia chai, ni "Sorry". Kabla, excuse me. Baada, sorry. Kwetu yote mawili ni samahani ndo maana tunachanganya. Waingereza wenyewe huwa wanaanza na sorry hata wakiuliza njia, "Sorry, do you know where...", usishangae ukisikia, ila wewe baki na excuse me, hutakosea kwa Mmarekani wala Mwingereza.

Wale flaikacha, yaani vijana wanaowinda wageni mtaani, wa pale Mnara wa Saa Arusha wana tabia ya kumkimbilia mgeni "sorry, sorry my friend!" Mgeni anaongeza mwendo. Mtu usiyemjua anayekuomba radhi kabla hajakukosea, hata mimi ningekimbia.

Hatua ya sita: ile yenye alama ya kuuliza

"Sorry?" sauti ikipanda mwishoni. Hii haina uhusiano na pole wala kosa, maana yake sijakusikia, rudia. Ni kama vile mama anakuita kutoka jikoni hukusikia vizuri, huwezi kujibu "nini?" labda umechoka kuishi pale nyumbani, unajibu "abee" au "naam" ndo anarudia. Sasa "What?" kwa mgeni ni ile "nini?" ya kuchapwa. "Sorry?" ndo abee.

Fanyia mazoezi sauti, kwa sababu ukiishusha inakuwa kosa, ukiipandisha inakuwa swali. Hata mgeni akikwambia "Sorry?" usimjibu "it's okay". Madogo wengi hapa wanaanguka: mgeni hajasikia bei, anasema "sorry?", dogo anatabasamu "no problem", mgeni anasubiri, dogo anasubiri, wanaangaliana. Rudia ulichosema, polepole, bila kupiga kelele maana sio kiziwi, ni lafudhi yetu tu. Na lafudhi zao pia zinatofautiana, Mwingereza anasema karibu na "sori" yetu, Mmarekani unasikia "sari" kama vazi la Kihindi, Mkanada anaivuta o yake ndefu. Ni neno lile lile.

Hatua ya saba: ya kukataa

Mgeni akisema "Sorry, no thank you" au "No, sorry" hajakuomba radhi na hajaacha upenyo. Kafunga mlango, kautia kitasa, ila kwa adabu. Wauza batiki na bangili wengi wanaisikia sorry wanadhani mtu amelainika, wanashusha bei, wanamfuata mpaka benki. Muache apite, kesho atakukumbuka kwa wema.

Na wewe ukikataa anza nayo. "I'm sorry, we're full tonight." Ila hiyo "sorry" ifuatwe na njia nyingine, "but I can call another place for you". Sorry ya kukataa isiyo na but ni ya askari wa getini.

Hatua ya nane: kwenye maandishi

Siku hizi malalamiko hayaji kwa mdomo, yanakuja kwa barua pepe au yanawekwa mtandaoni dunia nzima isome, kwa hiyo ukipewa kazi ya ofisini hii ni muhimu kuliko zote. Kuna ngazi tatu. "We're sorry" ni ya moyo, ya mtu kwa mtu. "We apologise" ni rasmi na inakubali kosa, hakuna pa kujificha. "We regret" inasikitika kwa mbali, imesimama ng'ambo ya barabara.

Hizi ngazi watu wakubwa wanazipima kwa mizani ya dhahabu. Tarehe 31 Oktoba 2023 Mfalme Charles akiwa Nairobi alizungumzia maovu ya wakoloni kwa Wakenya, akatumia "the greatest sorrow and the deepest regret", neno la kuomba radhi hakulitia, na Wakenya wengi waliliona hilo pengo mara moja. Kesho yake tu, tarehe 1 Novemba, Rais Steinmeier wa Ujerumani akiwa Songea aliomba msamaha waziwazi kwa yaliyotendwa kwenye vita vya Majimaji. Huku kwetu Old Moshi ambako Mangi Meli, chifu wa Wachagga, alinyongwa na Wajerumani mwaka 1900, na familia bado inatafuta fuvu lake, tofauti ya regret na msamaha haihitaji kufundishwa darasani.

Kuna wanaoogopa kuandika sorry kwa kuhofia itatumika kama ushahidi. Uingereza walishaweka kwenye sheria yao ya mwaka 2006 kwamba kuomba radhi peke yake sio kukiri uzembe, na jimbo la British Columbia huko Kanada wana sheria ya namna hiyo ya mwaka huo huo. Hizo ni za kwao, kwetu muulize mwanasheria wa kampuni yako kama ni ajali ya kweli. Lakini kama ni maji ya moto hayakutoka, jamani, andika sorry.

Andika hivi: sorry, kilichotokea kwa jina lake, utakachofanya. "I'm sorry there was no hot water in your room on Monday night. The heater has been repaired and we will refund that night." Imeisha, mistari miwili. Usiandike "Sorry for the inconveniences", kila mtu anaiandika na hakuna anayeisoma. Na tafadhali usiandike "We're sorry if you felt uncomfortable", ile "if" ni sawa na mtu kukwambia samahani kama umekwazika, unajua mwenyewe inavyopandisha hasira, bora angekaa kimya.

Hatua ya tisa: kujibu

Nimesema ntamalizia ya simu. Ilipoonekana yule mama alishuka mwenyewe mpaka risepsheni, macho mekundu, akaniambia "I'm so sorry. I'm really, really sorry." Na mimi, mtoto wa Kichagga niliyelelewa kwamba pole inajibiwa ahsante, nikamjibu "Thank you." Nikaendelea kuandika kwenye daftari. Alisimama pale kama dakika nzima. Baadaye nikaambiwa na mwenzake kwamba alidhani bado nina kinyongo, ndo maana kesho yake akaniachia tipu kubwa sana kwenye bahasha bila kunitazama, na mimi nikadhani ni mkarimu tu.

Kwa hiyo: sorry ya pole, umefiwa, unaumwa, jibu "Thank you". Sorry ya kosa jibu "It's okay" au "Don't worry about it". "You're welcome" usiiguse hapo, hiyo ni ya ahsante, ukimjibu hivyo aliyekukosea ni kama unamkaribisha akukosee tena. Na kama bado umekasirika una haki, sema "Okay, thank you for saying that", hapo umepokea ila hujasema yameisha.

Mwisho, jaribu haya

Fanya hata ukiwa kwenye Coaster ya Arusha kwenda Moshi, usiangalie majibu kwanza.

Mgeni anakwambia mbwa wake amekufa huko nyumbani. Usicheke, najua, lakini usicheke, huyo ni mtu wa familia kwao. "Oh no. I'm so sorry."

Umemwagia supu kwenye suruali. "I'm so sorry!" na kitambaa mkononi tayari.

Supu yenyewe ina chumvi, kapika mwingine. "Sorry about the soup, I'll bring you another one." Usimtaje mpishi.

Katoka Serengeti, siku nzima barabarani, nywele zimekuwa nyekundu kwa vumbi. Ulikuwa unataka kusema sorry, nimekuona. "Welcome back! How was it?"

Unataka kupita katikati ya wageni wamesimama mlangoni na mabegi. "Excuse me."

Yuko Moshi siku ya tatu hajauona mlima, mawingu yamekaa tu. Hapa sheria ya hatua ya pili inavunjika, mawingu hujayaleta wewe lakini utasema "Sorry about the weather", wenyeji wote duniani wanaosema Kiingereza wanasema hivyo na atacheka atakujibu sio kosa lako. Alafu mwambie aweke alamu, saa 12 asubuhi apande juu ya paa, kilele cha Kibo huwa kinajitokeza kabla mawingu hayajainuka.